Maisha ya Kinjikitile Ngwale na Mafunzo ya Saikolojia kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wakati fulani tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa katika shule moja ya Kibiti, tukimwangalia mwanachuo wetu akifanya mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa historia, na mada ilikuwa Vita vya Majimaji. Andalio la somo lilikuwa zuri, na ramani ilikuwa imechorwa vizuri ubaoni. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza kama Kinjikitile aliwadanganya watu. Mwanachuo, kwa haraka, akajibu kwamba wazee wa zamani walikuwa hawana elimu, ndiyo maana wakaamini maji. Darasa likanyamaza, na hadi kengele ilipolia hakuna mtoto aliyeuliza swali jingine.

Tumelifikiri sana jambo hilo. Watoto wale walikuwa wamezaliwa katika nchi ileile ya Mto Rufiji, na yumkini baadhi yao ni wajukuu wa vitukuu wa watu waliokwenda kuyachukua maji hayo. Katika makala haya tutaeleza maisha ya Kinjikitile Ngwale, kisha tutaonyesha jinsi nadharia za saikolojia zinavyoweza kumsaidia mwalimu kujibu swali la mtoto yule kwa haki na kwa manufaa.

Kinjikitile alikuwa mganga aliyeishi Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji, karibu na milima ya Wamatumbi. Habari zake nyingi zimetufikia kwa masimulizi ya wazee, ambayo yalikusanywa katika miaka ya 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Gilbert Gwassa na John Iliffe. Masimulizi hayo yanasema kuwa mwaka 1904 Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Asubuhi moja alitambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi cha maji, akazama, akatoweka. Ndugu zake walikesha ukingoni wakimngoja. Kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutoa unabii.

Hongo hakuwa pepo asiye na ukoo katika imani za nchi hiyo. Alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, ambaye watu wa Rufiji walimtolea sadaka kwa ajili ya mvua na mavuno. Kwa hiyo Kinjikitile hakuleta dini ngeni, bali aliyaunganisha mambo ambayo watu walikwisha yaamini. Alijenga nyumba kubwa ya ibada, na watu wakamiminika Ngarambe kutoka kila upande. Waliomwendea walipewa dawa iliyotengenezwa kwa maji na nafaka, wakaahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Walifundishwa pia mazoezi ya kivita yaliyofichwa ndani ya ngoma. Walipewa na miiko: wasipore mali, wala wasilale na wanawake wakati wa vita.

Kinjikitile aliwataka watu wangoje amri yake. Lakini subira ya wengi ilikwisha. Mwezi Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa mashina ya pamba katika shamba la serikali, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Wajerumani walimkamata Kinjikitile, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga huko Mohoro pamoja na msaidizi wake. Hata hivyo vita vilienea kusini yote ya nchi na havikuzimwa kabisa hadi mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na kuharibu vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Vita hivyo vilikuwa na viongozi wengi na sababu nyingi, wala mtu mmoja hawezi kubebeshwa yote. Mwalimu akumbuke pia kwamba tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, ni kazi ya sanaa. Isifundishwe kana kwamba ni kumbukumbu ya matukio.

Sasa tuitazame saikolojia. Tuanze na mawasiliano. Mwaka 1948 Harold Lasswell, mtaalamu wa Marekani, alipendekeza kuwa mawasiliano yachunguzwe kwa kuuliza mambo matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni yapi. Ukiyaweka maswali hayo mbele ya habari za Ngarambe utaona mengi. Msemaji alikuwa mtu aliyeaminiwa. Ujumbe ulikuwa mfupi, na ulihusu maji, kitu ambacho mkulima wa bonde la Rufiji anakijua tangu utotoni kuwa ndicho uhai. Njia ilikuwa mnong'ono, ambao Wamatumbi waliuita njwiywila: ndugu alimnong'oneza ndugu, naye akampelekea mwingine kwa siri. Neno linalotoka kwa mtu wa karibu huaminika upesi kuliko tangazo la mkubwa asiyejulikana. Akida alikuwa na sauti kubwa na kiboko, lakini aliyesikilizwa ni Kinjikitile.

Pili, hisia. Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa nadharia kwamba mtu anapozuiwa kulifikia lengo lake, uchungu huo humsukuma kwenye ushari. Mwaka 1941 mmoja wao, Neal Miller, aliirekebisha akasema kuwa kuzuiwa kunaweza pia kuleta mambo mengine, kama vile kukata tamaa. Katika nchi ya Rufiji na Umatumbi watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja wakati mashamba yao ya chakula yakiwangoja. Ujira ulikuwa mdogo mno, na wengine waliukataa. Juu ya hayo palikuwa na kodi na viboko. Kwa muda mrefu uchungu huo ulikuwa kimya. Dawa ya maji ndiyo iliyougeuza unyonge kuwa tumaini, na tumaini likawa ushujaa. Kwa hiyo yaliyofanywa Nandete hayakuwa wazimu. Yalikuwa tendo la watu waliokwisha zuiwa kwa miaka.

Tatu, mwelekeo wa mtu, yaani yale anayoyaamini, anayoyahisi, na aliyo tayari kuyatenda. Mwaka 1957 Leon Festinger alieleza kwamba akili ya mtu haistarehe inapobeba mambo mawili yanayopingana. Mtu hutafuta njia ya kuyapatanisha, na mara nyingi huongeza maelezo mapya badala ya kuiacha imani aliyoilipia gharama kubwa. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, wakauawa kwa wingi kwa bunduki za mtombo. Wengi waliouona ukweli huo waliiacha dawa. Lakini wako walioendelea kuiamini, wakieleza kuwa waliokufa walivunja miiko. Asije mtu akadhani kuwa hiyo ni tabia ya watu wasiosoma. Festinger na wenzake waliyaona mambo ya namna hiyohiyo huko Marekani miaka ya 1950, kwa watu wa mjini waliongojea siku ya gharika ambayo haikufika.

Mwalimu mwanachuo atafanya nini na mafunzo haya? Kwanza, ajue ya kuwa mtoto haji darasani akiwa chungu kitupu. Mtoto wa visiwa vya delta au wa mashamba ya Kibiti huja na maelezo aliyopewa nyumbani juu ya mvua, homa na mamba. Ukimdhihaki, hataiacha imani yake. Ataificha, na wewe utakuwa umejifanya akida. Muulize kwanza anaamini nini na kwa nini, halafu mpe nafasi ya kujaribu na kuona mwenyewe.

Pili, azuiaye daima huvuna ushari au ukimya. Mtoto anayechapwa kwa kila kosa la hesabu atakuchukia wewe na hesabu zako, au atakata tamaa. Mpe hatua ndogo anazoziweza, ili aonje ushindi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, neno la mtu anayeaminiwa lina nguvu ya uhai na mauti. Kinjikitile aliwapa watu umoja, jambo ambalo lilikuwa la kweli, akawapa na kinga, jambo ambalo halikuwa la kweli. Waliokwenda mbele ya bunduki hawakuweza kuyatenganisha mawili hayo. Mwalimu naye huaminiwa na watoto kabla hajathibitisha lolote. Basi asiseme kwa uhakika asilolijua, na awazoeze watoto kuuliza ushahidi, hata ushahidi wa maneno yake yeye.

Tukirudi kwa swali la mtoto wa Kibiti, tungependa mwanachuo wetu angemshukuru kwanza kwa kuuliza. Kisha angewaambia watoto kwamba hatuwezi kuuona moyo wa mtu aliyekufa zamani, ila masimulizi yanamwonyesha kama mtu aliyeamini aliyoyahubiri, naye akafa kwa ajili yake. Angewaambia kwamba dawa haikuzuia risasi, na kwamba uchungu uliowasukuma wazee wao ulikuwa wa haki. Mwisho angewapa kazi ya kwenda nyumbani kuwauliza wazee wamesikia nini, na kurudi na majibu. Tunaamini kuwa darasa hilo lisingenyamaza.