DAG HAMMARSKJÖLD: MTU ALIYEFIA NJIANI KWA AJILI YA KONGO



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wakubwa, leo tunaleta mtu ambaye jina lake liko gumu kutamka, lakini mambo yake yanatugusa sisi wa Lubumbashi kupita wengine wengi. Wadogo wetu wanasikia kwa redio habari za askari wa ONU wenye kofia za buluu. Wanauliza: hawa askari walikuja kufanya nini, kama raia wanauawa karibu na kambi yao? Ulizo hili si la leo. Wazee wetu waliliuliza tangu mwaka wa 1960, na mtu wa kwanza aliyelazimishwa kulijibu ni Dag Hammarskjöld. Basi tusome maisha yake, ndipo kila mmoja atoe hukumu yake mwenyewe.

1. Utoto na masomo

Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, inchi ya Uswidi. Alikuwa kitinda mimba katika vijana wane. Baba yake, Hjalmar, alikuwa waziri mkuu wa Uswidi toka 1914 mpaka 1917, na alikuwa pia liwali wa jimbo la Uppsala. Kwa hiyo mtoto alikomalia katika ngome ya zamani ya mji ule. Lakini asizanie mtu kwamba alilelewa kwa uvivu. Kwa jamaa ile, kutumikia serikali ilikuwa deni ambalo kila mwana alipaswa kulipa.

Alisoma sana: lugha, sheria, na elimu ya uchumi. Alipata udaktari wa uchumi huko Stockholm. Mwaka wa 1936 akawa katibu mkubwa katika wizara ya feza, na kisha mwenyekiti wa baraza la benki ya taifa. Hakuoa. Hakuingia chama chochote cha siasa. Wale waliofanya kazi naye walimwona kuwa mtu wa kimya, mwenye kuchoka nyuma ya wote.

2. Katibu Mkuu wa ONU

Mwezi wa Aprili 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa ONU, kufuata Trygve Lie wa Norway. Tunasoma kwamba mataifa makubwa yalimchagua juu walimzania ni mtu wa makaratasi, asiyeweza kuwasumbua. Kumbe walijidanganya. Mwaka wa 1955 alikwenda mwenyewe Peking kuongea na Chou En-lai juu ya warusha-ndege Waamerika waliofungwa kule, na mwaka ule ule wakafunguliwa.

Mwaka wa 1956 vita ilianza Misri kwa sababu ya mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israeli walishambulia. Lester Pearson, waziri wa Canada, alileta shauri la kutuma jeshi la ONU, na Hammarskjöld akalitengeneza kwa siku chache tu. Ndilo lilikuwa jeshi la kwanza la ONU lenye silaha kwa kazi ya kulinda amani. Kofia zao zilipakwa rangi ya buluu ili zisichanganywe na za wengine.

Kwa jeshi lile aliweka masharti matatu: serikali ya inchi ikubali, askari wasiegemee upande wowote, na wasipige bunduki isipokuwa kujikinga wenyewe. Kwa Suez masharti haya yalifaa, kwa maana askari walisimama kati ya majeshi mawili, kila moja na wakubwa wake na mpaka wake. Tukumbuke masharti haya, maana ndiyo yatakayoleta matata hapa kwetu.

3. Kongo, mwaka wa 1960

Sote tunajua tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari wa Force publique waliasi. Askari wa Ubelgiji waliingia bila ruhusa ya serikali yetu, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba waliomba ONU msaada. Hammarskjöld aliita Baraza la Usalama usiku, na tarehe 14 Julai ruhusa ikatoka. Kwa siku chache tu askari wa kwanza walishuka: Watunisia, Waghana, Wamoroko, Waetiopia. Jeshi hilo, ONUC, lilifika hata karibu watu 20,000.

Askari wale walikuja na masharti ya Suez. Lakini hapa hapakuwa na majeshi mawili yenye mpaka kati yao. Hapa palikuwa na raia, jirani na jirani, na askari wasio na mkubwa wa kuwazuia.

Mwisho wa mwezi wa Agosti 1960, askari wa serikali walitumwa Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo, kuzima utengano wa Albert Kalonji. Waliua mamia ya raia Waluba, wanaume, wanawake na watoto. Hammarskjöld aliposikia, aliliambia Baraza la Usalama mwezi wa Septemba kwamba mambo yale yalikuwa na alama za kosa la kuangamiza kabila. Hilo ni neno zito sana kwa mtu asiyependa kelele. Tena aliwaandikia wasaidizi wake kwamba agizo la kutojiingiza katika ugomvi wa ndani haliwezi kuwafunga mikono mahali raia wanachinjwa bure.

Ndugu, tusipite hapa mbio. Mpaka siku ile, kutoegemea upande kulikuwa na maana ya kukaa mbali. Yeye alianza kusema kwamba kati ya mwuaji na mtoto hakuna katikati pa kusimama. Lakini alisema hivi katika barua. Sheria yenyewe ya Baraza haikusema hivyo. Askari aliyekuwa porini na watu kumi, bila gari na bila kujua lugha, alibaki na mashaka: nikipiga, nitahukumiwa? Nisipopiga, je?

4. Jambo la Lumumba

Tukisema habari za mtu huyu kwa Wakongomani na kuruka Lumumba, tutakuwa tunadanganya.

Mwezi wa Septemba 1960 Kasa-Vubu alimwondosha Lumumba, na kisha kolonele Mobutu akashika mamlaka. Askari wa ONUC walilinda nyumba ya Lumumba huko Léopoldville, na kweli walizuia watu waliokuja kumkamata. Lakini agizo lilikuwa kumlinda nyumbani tu. Tarehe 27 Novemba alitoka usiku kwenda Stanleyville. Siku chache baadaye alikamatwa karibu na mto Sankuru, na ONUC haikumtoa mikononi mwa waliomkamata. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa kwa ndege hapa kwetu, uwanja wa Luano, pamoja na Mpolo na Okito, wakiwa wamefungwa na kupigwa. Askari wachache Waswidi wa ONUC walikuwa uwanjani na waliona kwa macho. Waliandika ripoti. Usiku ule ule wote watatu waliuawa.

Hammarskjöld alijitetea kwamba ONUC haikupewa ruhusa ya kumnyanganya mfungwa kwa nguvu katika mikono ya wenye mamlaka wa inchi. Kwa sheria, pengine alisema kweli. Lakini tunajiuliza: ikiwa barua yake ya Bakwanga iliweza kufungua mikono ya askari kwa ajili ya raia wengi, kwa nini haikufunguliwa kwa ajili ya watu watatu? Wazee wetu wengi hawajamsamehe jambo hili, na sisi hatuwezi kuwaambia kwamba wamekosa. Khrushchev naye alitaka aondoke kazini tangu 1960. Alikataa. Alieleza kwamba mataifa makubwa hayana haja ya ONU ili yalindwe. Ni mataifa madogo yenye haja nayo, na kwa ajili yao atabaki.

Tarehe 21 Februari 1961, nyuma ya kifo cha Lumumba, Baraza liliruhusu ONUC kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Ruhusa ilifika, lakini kaburi lilikwisha kuchimbwa.

5. Kambi ya wakimbizi hapa mjini

Mwezi wa Agosti na Septemba 1961, Waluba wa mji huu walianza kukamatwa na kuteswa na askari wa Katanga. Walikimbilia kando ya kambi ya Waswidi wa ONUC. Siku ya kwanza walikuwa wachache, kisha maelfu, na kwa muda mfupi wakapita 30,000. Hakuna aliyepanga kambi hiyo. ONUC ilijikuta inatafuta maji, unga, daktari na ulinzi kwa mji muzima wa mahema na vibanda. Maisha yalikuwa magumu sana: njaa, magonjwa, na mapigano ndani ya kambi yenyewe. Lakini watu wale hawakufukuzwa, na mwaka wa 1962 ONUC iliwasafirisha kurudi Kasaï na kaskazini ya Katanga.

Tunaandika hili hapa kwa sababu kwa benchi moja tunakaa wana wa Kasaï na wana wa Katanga. Wengine kati yetu wana babu aliyelala katika kambi ile. Na tunajua kwamba mwaka wa 1992 na 1993 watu walifukuzwa tena, mabegi kichwani, kwenda kungojea treni kwenye stesheni. Mambo haya hayako katika vitabu tu.

6. Kifo chake

Tarehe 13 Septemba 1961 ONUC ilianza operesheni hapa Elisabethville kwa kutaka kumaliza utengano, na mapigano yakawa makali. Siku ile ile Hammarskjöld alifika Léopoldville. Aliamua kwenda kukutana na Tshombe huko Ndola, ngambo ya mpaka wetu, ili vita isimame. Tarehe 17 alipanda ndege iliyoitwa Albertina. Ilizunguka kwa upande wa ziwa Tanganyika, juu ya hatari ya ndege ya vita ya Katanga. Nyuma ya saa sita ya usiku ilianguka katika pori, karibu kilometa 15 toka uwanja wa Ndola. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja alipatikana akiwa hai, naye akafa siku chache baadaye.

Ilianguka namna gani? Tume ya Rhodesia ilisema ni kosa la rubani. ONU haikukubali kufunga jambo. Toka mwaka wa 2015 Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania, alipewa kazi ya kuchunguza upya, na katika ripoti zake amesema kwamba shambulio toka inje linaweza kuwa sababu, na kwamba mataifa fulani hayajatoa karatasi zote.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala. Mwaka ule wa 1961 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa amekwisha kufa. ONUC iliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964, na karibu watu wake 250 walikufa katika kazi hiyo.

7. Tunajifunza nini?

Mwaka wa 1999 tu, kwa inchi ya Sierra Leone, ndipo Baraza la Usalama liliandika wazi kwamba askari wa ONU walinde raia walio katika hatari ya mara moja. Mwaka wa 2000 neno hilo liliandikwa kwa MONUC hapa Kongo. Karibu miaka 40 ilipita kati ya barua ya Bakwanga na sheria. Na hata sheria ilipokuwapo, Wakongomani wa Kivu na Ituri wameona siku ambazo hakuna aliyefika.

Kwa hiyo sisi wa mwaka wa sita tunaona hivi. Hammarskjöld hakuwa malaika, wala hakuwa adui wa Kongo. Alikuwa mtu mwaminifu aliyeleta sheria ya pahali pengine, akaona kwamba haitoshi, akaanza kuibadilisha, lakini hakuibadilisha kwa mbio ya kutosha. Waliofaidika na kazi yake ni wale wa kambi. Walioumizwa na kukawia kwake nao tunajua majina yao.

Mwezi wa saba wengi wetu tutakuwa na diploma. Wengine watakuwa askari, wengine polisi, waganga, waalimu, wachungaji. Siku moja mtu mwenye kukimbia atafika kwa mlango wetu, na hatutakuwa na muda wa kungoja barua. Tujue tangu sasa jibu tutakalotoa, na tusimwulize kwanza kabila lake.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita