Mwalimu Nyerere na Mpaka wa Lunga Lunga

Kila mwaka walimu wa Historia katika shule zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe hufika kwenye mada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila mwaka hapakosi mwanafunzi wa kuuliza swali lile lile: ni nani aliyeivunja? Jibu hutegemea sana upande wa mpaka aliokulia mwalimu. Humu nchini lawama hutupiwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefunga mpaka. Ng'ambo ya Horohoro lawama hutupiwa Kenya, iliyojitwalia minofu na kuwaachia wenziwe mifupa. Na pande zote mbili huafikiana kumlaumu Idi Amin, maana huyo hana wa kumtetea. Nionavyo, swali hili halitajibika kwa kutafuta mkosaji. Heri tuyapitie maisha ya Nyerere mwenyewe, mtu aliyeutaka umoja huo mapema kuliko wenziwe, na ambaye hata hivyo ndiye aliyetia komeo mlangoni.

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, Aprili 1922, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Alisoma Musoma na Tabora, na mwaka 1943 akavuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Tusilipite jambo hili kwa haraka. Makerere wakati huo ndicho kilichokuwa chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, na ndani yake Mtanganyika, Mkenya na Mganda walikaa dawati moja. Umoja wa nchi hizi kijana yule hakuusoma kitabuni, aliuishi. Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarejea 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaundwa chini ya uongozi wake, na mwaka uliofuata akaiacha kazi ya darasani. Jina la Mwalimu, hata hivyo, halikumwacha hadi kaburini.

Mwaka 1960, Tanganyika ikikaribia uhuru, Nyerere alitamka kwamba yuko radhi kuuchelewesha uhuru wa nchi yake ili Kenya na Uganda zifike, zote tatu zijitawale pamoja zikiwa shirikisho. Ni viongozi wachache duniani waliowahi kutoa ahadi ya namna hiyo. Alihofia kwamba kila nchi ikishapata bendera, wimbo na kiti chake Umoja wa Mataifa, hakuna atakayekubali kuvirudisha. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba shirikisho lingeundwa mwaka uo huo. Mwaka ukaisha, na shirikisho halikuundwa.

Kilichobaki ni umoja wa uchumi, na huo haukuwa mdogo. Wanafunzi wetu wa bara ya Mombasa wanapaswa kuelezwa ulivyoonekana papa hapa. Gati za Kipevu zilisimamiwa na shirika la bandari lenye makao makuu Dar es Salaam. Reli inayopita Changamwe ilikuwa mali ya shirika la nchi tatu lenye makao Nairobi, na kutoka Voi njia yake iliendelea hadi Taveta na Moshi. Barua iliyotumwa Likoni ilisafirishwa na shirika la posta lililoongozwa kutoka Kampala. Hata kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi katika miaka ya 1960 kikiwa na jina la Afrika Mashariki.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na ufa tangu msingi. Viwanda vingi vilijengwa Kenya tangu enzi za mkoloni, na Tanzania na Uganda zikawa wanunuzi kuliko wauzaji. Mwaka 1964 palifanywa makubaliano mjini Kampala ya kuvigawa viwanda kwa haki, lakini hayakutekelezwa ipasavyo. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ulijaribu kuuziba ufa huo: nchi zilizobaki nyuma ziliruhusiwa kutoza ushuru maalumu ili kulinda viwanda vyao vichanga, na Benki ya Maendeleo ikaundwa ili izipendelee. Miezi michache kabla ya hapo Nyerere alikuwa ametangaza Azimio la Arusha, na Tanzania ikashika njia ya ujamaa ilhali Kenya ilishika njia ya mtaji wa watu binafsi. Wasafiri wawili waliokuwa na njia mbili walikuwa wamepanda gari moja.

Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Nyerere alimpa Obote hifadhi, akakataa katakata kuketi meza moja na Amin. Kwa upande wa maadili, wengi wetu tungempongeza. Lakini mkataba uliiweka kauli ya mwisho ya Jumuiya mikononi mwa marais watatu, na marais hao hawakukutana tena. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Jumuiya ilisimama juu ya urafiki wa watu watatu. Wawili walipokosana, hapakuwa na mguu mwingine wa kuibeba. Mchuuzi, mfanyakazi wa reli na mwalimu hawakuwa na mahali pa kusema lolote.

Mwaka 1977 ukawa wa kuhesabiana madeni. Nchi zililaumiana kwa kutolipa fedha za mashirika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na kuyazuia magari na ndege za Kenya zilizokuwa ndani yake. Juni ilipokwisha bila ya bajeti ya Jumuiya kupitishwa, habari yake ikaisha.

Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ilikuwa imejadiliana kwa miaka kadhaa, na bado suala la mpaka wa Ireland liliwatoa jasho. Sisi mpaka ulifungwa ghafla. Viwanda vya Kenya vilipoteza soko la Tanzania na njia ya barabara ya kupeleka bidhaa Zambia. Tanzania nayo ilipoteza watalii waliokuwa wakiingia Serengeti kutoka Nairobi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Tanzania ikabeba mzigo wa vita hadi Kampala ilipoangushwa Aprili 1979. Vita, ukame na bei ya mafuta vilipojumlika na kufungwa kwa mpaka, sabuni na sukari zikawa adimu madukani, magendo yakashamiri, na mwaka 1983 serikali ya Nyerere ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi.

Huku kwetu waliolipa zaidi ni wale wasiotajwa vitabuni. Wadigo wanakaa tangu Likoni hadi Tanga. Mpaka wa Lunga Lunga umepita katikati ya koo zao. Kwa karibu miaka saba, arusi na maziko ya ndugu yalihitaji njia za panya. Mimi mwenyewe ni mzawa wa miaka hiyo.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na Mei 1984 mali na madeni ya Jumuiya yakagawanywa kwa upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht. Aliyeufungua ni yule yule aliyeufunga. Mwaka uliofuata Nyerere aling'atuka urais. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Tarehe 30 Novemba mwaka uo huo mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha. Hakuiona siku hiyo kwa majuma yasiyotimia saba. Mkataba huo, katika utangulizi wake, unataja sababu za kuanguka kwa Jumuiya ya kwanza, na miongoni mwazo ni kwamba wananchi na wafanyabiashara hawakushirikishwa vya kutosha, na kwamba manufaa hayakugawanywa kwa usawa.

Nikiwa mwanaisimu, siwezi kumaliza bila ya kutaja kitu ambacho Nyerere alikijenga na ambacho hakuna aliyeweza kukifunga. Rais huyu alikaa chini akatafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ili kuthibitisha kwamba Kiswahili kinabeba siasa na biashara za dunia. Kiswahili hakikuwa na makao makuu wala bajeti, na kilipita Lunga Lunga miaka yote ile bila ya pasi. Leo machungwa ya Muheza yakifika Kongowea, bei inapatanwa kwa lugha hiyo.

Hata hivyo tusijidanganye. Mwaka 2017 Tanzania ilivichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, na Machi 2021 Kenya ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Nchi wanachama sasa ni nane, na sababu za kukosana nazo zimeongezeka. Kwa hiyo, mwanafunzi akiuliza tena ni nani aliyeivunja Jumuiya, mwalimu na amweleze kwamba hata aliyeipenda kuliko wote hakuweza kuiokoa, kwa sababu funguo zilikuwa mifukoni mwa watu watatu. Kisha amwulize mwanafunzi huyo: leo funguo ziko kwa nani?