Christiaan Huygens: Mtafiti wa Nuru Aliyekiri Kikomo Chake

Katika masomo ya falsafa tunajifunza kutofautisha jambo la hakika na jambo linaloelekea tu kuwa kweli. Mholanzi Christiaan Huygens aliishi tofauti hiyo.

Alizaliwa The Hague mwaka 1629, katika familia ya Kiprotestanti. Alisoma sheria na hisabati huko Leiden. Mwaka 1655 aligundua Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, na mwaka uliofuata akabuni saa inayoongozwa na uzito unaobembea. Mwaka 1666 alihamia Paris, akawa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Mfalme Louis XIV.

Huko ndiko alikoandika juu ya nuru. Alifundisha kwamba nuru husafiri kama wimbi: kila mahali wimbi linapofika huzaliwa vijiwimbi vipya, navyo kwa pamoja huunda wimbi linalosonga mbele. Hivyo alieleza kwa nini nuru hupinda inapoingia majini au katika kioo. Alieleza hata jiwe moja angavu la Iceland, ambalo ukitazama kitu kupitia kwake unakiona mara mbili. Lakini alipoipitisha miali katika mawe mawili ya aina hiyo yaliyofuatana, aliona jambo ambalo nadharia yake ilishindwa kulieleza.

Hakulificha. Katika kitabu chake cha mwaka 1690 alikiri kwamba hajapata maelezo ya kumridhisha. Alikubali pia kuwa hoja zake hazina uhakika wa jiometri, ingawa zaweza kukaribia sana ukweli.

Alifariki mwaka 1695. Kwa zaidi ya miaka 100 wengi walimfuata Newton, aliyeona nuru kuwa chembechembe. Kisha Mfaransa Augustin Fresnel akayarudia mawimbi, na alipotambua kwamba hutikisika kiubavu, lile swali la mawe mawili likapata jibu.

Sisi tunaoandaliwa kuwa mapadre tuna kishawishi cha kujibu kila swali. Mzazi aliyefiwa na mtoto akituuliza kwa nini, tusimtungie jibu ili tuonekane tunajua. Tukiri kikomo chetu, tubaki naye katika sala. Imani yetu haipungui kwa kukiri hivyo, kwa maana tunamtumaini Mungu, wala si wepesi wa ndimi zetu.