Babe Ruth: Mbegu ya Imani Iliyopandwa Utotoni Haikufa

Katika historia ya michezo nchini Marekani, ni wachache waliopata sifa kama George Herman Ruth, aliyejulikana kwa wote kama Babe Ruth. Alicheza besiboli, mchezo ambao mchezaji hushika gongo na kuupiga mpira anaorushiwa na mpinzani. Pigo linaloshangiliwa kuliko yote ni lile linaloupeleka mpira nje ya ukuta wa uwanja. Ruth aliandikiwa mapigo ya namna hiyo 714, na rekodi yake ilidumu hadi mwaka 1974. Hata hivyo, kwa Mkristo, funzo kubwa la maisha yake halimo katika hesabu hiyo.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1895 mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland. Wazazi wake waliendesha kilabu cha pombe na hawakuwa na nafasi ya kumlea, hivyo akakulia mitaani. Alipokuwa mtu mzima hakuificha habari hiyo, bali alikiri kwamba alikuwa mtoto mkorofi, aliyetafuna tumbaku angali mdogo. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 7, alipelekwa katika shule ya wavulana ya St. Mary's iliyoongozwa na Mabruda Waksaveri, shirika ambalo hata leo lina watawa nchini Kenya na Kongo.

Huko alikutana na Bruda Matthias, msimamizi wa nidhamu, mtu wa kimo kikubwa na sauti ya upole. Bruda huyo alimfundisha kusoma na kuandika, akamwongoza katika imani, na kwa saa nyingi akampigia mipira uwanjani. Shuleni hapo Ruth alijifunza pia kushona mashati. Hadi mwisho wa maisha yake alimtaja Bruda Matthias kuwa mtu mkuu kuliko wote aliowahi kuwafahamu.

Alitoka shuleni mwaka 1914 na kuanza kuchezea timu za kulipwa. Mwaka 1920 alijiunga na New York Yankees, na mwaka 1927 peke yake alipiga mapigo 60. Fedha na sifa vilimjia kwa wingi, na kijana aliyezoea kengele ya bweni akajikuta hana wa kumzuia. Alikula na kunywa bila kiasi, akakesha nje na wanawake, akapuuza amri za viongozi wake. Mwaka 1922 mwanasiasa Jimmy Walker alimkemea mbele ya watu karamuni kwa kuwaangusha watoto waliomtazama kama kielelezo. Ruth alilia na kuahidi kubadilika. Hata hivyo, mwaka 1925 meneja wake, Miller Huggins, alimsimamisha na kumtoza faini ya dola 5,000.

Jeraha kubwa zaidi lilikuwa nyumbani. Mwaka 1914 alifunga ndoa kanisani na Helen Woodford, lakini hakuitunza ndoa hiyo, nao wakatengana. Mwezi Januari 1929 Helen alifariki katika ajali ya moto, na nafasi ya kupatana naye hapa duniani ikafungwa. Mwezi Aprili mwaka huohuo Ruth alimwoa Claire Hodgson.

Hata katika miaka hiyo ya kutangatanga, wema aliotendewa haukufutika moyoni mwake. Shule yake ilipoungua mwaka 1919, alisaidia kuichangia, na mwaka uliofuata bendi ya wanafunzi ilisafiri na timu yake kukusanya fedha. Aliendelea pia kuwatembelea watoto wagonjwa hospitalini.

Mwishoni mwa mwaka 1946 aligundulika kuwa na ugonjwa mzito, uliokuwa saratani. Kabla ya upasuaji, rafiki mmoja alimshauri auweke moyo wake sawa mbele ya Mungu. Padre akaitwa, na Ruth akaungama. Padre alimwambia kwamba, kwa hali yake, hakulazimika kufunga kabla ya Komunyo ya asubuhi. Yeye akachagua kufunga, hata tone la maji hakunywa. Katika simulizi aliyoiacha, iliyochapishwa baada ya kifo chake, alieleza kwamba usiku ule hofu ilimtoka, kwa kuwa sasa aliweza kumkabidhi Mungu mahangaiko yake. Alikiri kwamba alilegea katika dini kwa miaka mingi, na akasisitiza kwamba mafundisho anayopewa mtoto hubaki chini kabisa, kwenye mizizi. Mtoto mmoja alimtumia Medali ya Mwujiza, naye akaibandika kwenye nguo yake ya kulalia.

Alifariki tarehe 16 Agosti 1948, akiwa na umri wa miaka 53. Makumi ya maelfu ya watu walifika kumuaga uwanjani, na mazishi yake yaliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, mbele ya Kardinali Francis Spellman. Juu ya kaburi lake imechongwa sanamu ya Kristo akiwa na mtoto.

Wapendwa wazazi, walimu na makatekista, wako vijana mliowafundisha sala ambao leo hamwaoni tena kanisani. Msikate tamaa juu yao. Bruda Matthias alifariki mwaka 1944, kabla ya usiku ule wa hospitalini. Hakuyaona mavuno, lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa. Nasi tuliopotea njia, kitubio kingali kinatungoja.