Semmelweis: Daktari aliyepigania mikono safi
IGNAZ Semmelweis alizaliwa Julai 1, 1818 jijini Buda, Hungary, na kusomea udaktari Vienna, Austria.

Mnamo 1846 aliajiriwa katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa na wodi mbili za kujifungulia. Ile ya madaktari na wanafunzi wao ilipoteza kina mama wengi kwa homa ya uzazi kuliko ile ya wakunga, na hakuna aliyejua sababu.

Fumbo lilifumbuka 1847, rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alipofariki baada ya kujeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti. Dalili zake zilifanana na za kina mama hao. Semmelweis akatambua kuwa madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda kuwapima wajawazito, wakiwapelekea mauti mikononi.

Mei mwaka huo akaamuru kila mmoja anawe kwa maji yenye klorini. Vifo, vilivyofikia asilimia 18 mwezi Aprili, vilishuka hadi asilimia 2 hivi mwezi Juni.

Hata hivyo, wakuu wengi walimpinga, na 1849 mkataba wake haukuongezwa. Alirejea Hungary. Mnamo 1865 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Vienna, ambako alifariki Agosti 13, akiwa na miaka 47, kutokana na kidonda kilichoingia viini.

Leo, mgonjwa mahututi anayepumua kwa mashine anaweza kushinda maradhi yaliyomlaza, kisha akauawa na nimonia aliyoipata papo hapo hospitalini. Miongoni mwa kinga zake ingali ile ile ya Semmelweis: mikono safi.