Bruno Hauptmann: Seremala aliyegoma kukiri mpaka kwenye kiti cha umeme

Wengi wanamjua Anthony Hopkins kama yule daktari mla watu wa filamu ya The Silence of the Lambs. Lakini miaka 15 kabla ya hapo, Februari 1976, mwigizaji huyu kutoka Wales alionekana kwenye televisheni ya NBC ya Marekani akiwa seremala Mjerumani anayekabiliwa na hukumu ya kifo.

Filamu hiyo ilitengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya televisheni na iliitwa The Lindbergh Kidnapping Case. Muongozaji alikuwa Buzz Kulik, na Hopkins akaondoka na tuzo ya Emmy.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Alitakiwa kumwigiza mtu wa kweli ambaye hakukiri kosa lake hata siku moja, hata pale ambapo kukiri kungeweza kumuokoa. Mtu huyo ni nani hasa?

Kijana wa vitani

Bruno Richard Hauptmann alizaliwa Novemba 26, 1899, katika mji mdogo wa Kamenz, Ujerumani. Alijifunza useremala akiwa kijana, kisha akaingizwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kaka zake wawili walikufa vitani.

Aliporudi nyumbani, Ujerumani ilikuwa na njaa na kazi hakuna. Hauptmann akaingia kwenye wizi. Katika tukio moja aliingia nyumbani kwa meya kwa kupanda ngazi mpaka dirisha la juu. Katika jingine, yeye na mwenzake waliwapora kwa bunduki wanawake wawili waliokuwa wakisukuma vigari vya watoto.

Alifungwa karibu miaka minne. Alipotoka mwaka 1923 akakamatwa tena, akatoroka, na mwishowe akazamia kwenye meli mpaka New York. 

Marekani ilimpokea vizuri. Alipata kazi ya useremala, na mwaka 1925 akamuoa Anna Schoeffler, Mjerumani mwenzake. Waliishi Bronx, maisha ya kawaida tu. Majirani hawakujua lolote kuhusu jela za Ujerumani.

Usiku wa Machi 1, 1932

Wakati huo hakuna Mmarekani aliyependwa kama Charles Lindbergh. Mwaka 1927 rubani huyu alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka New York hadi Paris, kwa saa 33 na nusu bila kutua.

Usiku wa Machi 1, 1932, mtu aliegemeza ngazi ya mbao kwenye nyumba ya Lindbergh karibu na Hopewell, jimbo la New Jersey, akaingia kwa dirisha la ghorofani na kumchukua mtoto wake wa kiume wa miezi 20. Dirishani iliachwa barua ya kudai dola 50,000. Ngazi ilikutwa nje, imevunjika.

Mwalimu mstaafu wa Bronx, John Condon, akajitolea kuwa mtu wa kati. Aprili 2 alikabidhi dola 50,000 za kikombozi makaburini, usiku, kwa mtu mwenye lafudhi ya Kijerumani. Lindbergh mwenyewe alikuwa ndani ya gari, akasikia sauti ya mtu huyo kwa mbali.

Mtoto hakurudishwa. Mei 12 mwili wake ulikutwa porini, kilomita chache tu kutoka nyumbani. Ilionekana alikufa zamani, pengine usiku uleule. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyofanya utekaji wa kuvuka mipaka ya majimbo kuwa kosa la serikali kuu. Watu wanaiita Sheria ya Lindbergh hadi leo.

Noti moja kituo cha mafuta

Namba za noti zote za kikombozi zilikuwa zimeandikwa. Nyingi zilikuwa noti za dhahabu, yaani zile zilizoweza kubadilishwa kwa dhahabu benki. Mwaka 1933 Rais Roosevelt aliamuru dhahabu na noti hizo zirudishwe serikalini. Kuanzia hapo, yeyote aliyelipa kwa noti ya dhahabu alikuwa anajianika mwenyewe.

Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta jijini New York alipewa noti ya dola 10 ya aina hiyo. Akaingiwa na shaka kwamba huenda ni bandia, akaandika namba ya gari la mteja pembeni ya noti. Benki ikagundua ni fedha ya kikombozi. Gari likawa la Hauptmann.

Alikamatwa Septemba 19. Kwenye gereji yake zikakutwa zaidi ya dola 14,000 za fedha ileile, zimefichwa.

Maelezo yake? Alisema fedha ni za rafiki yake wa biashara, Isidor Fisch, aliyemuachia boksi kabla ya kurudi Ujerumani. Shida ni kwamba Fisch alikuwa ameshafariki kwa kifua kikuu Machi 1934. Marehemu haitwi mahakamani.

Kesi iliyogeuka maonyesho

Kesi ilianza Januari 2, 1935, katika mji mdogo wa Flemington. Waandishi wa habari walijaa kila kona, na mitaani watu waliuza ngazi ndogo za mbao kama kumbukumbu. Ndiyo, za kumbukumbu ya mtoto aliyeuawa.

Nyumbani Hauptmann aliitwa Richard. Magazeti yakapenda kumuita Bruno, jina lililosikika la kikatili zaidi. Hata wakili wake, Edward Reilly, alilipwa na gazeti, na muda alioutumia kuzungumza na mteja wake ulikuwa mfupi mno.

Ushahidi wa upande wa mashtaka ulikuwa na uzito. Wataalamu wa mwandiko walisema barua ni zake. Mtaalamu wa mbao, Arthur Koehler, alikuwa amefuatilia mbao za ngazi kutoka kiwandani mpaka kwenye duka la mbao la Bronx, hata kabla Hauptmann hajakamatwa. Kisha akaonyesha kwamba kipande kimoja cha ngazi kilitoka kwenye ubao wa sakafu ya darini, kwenye nyumba aliyopanga Hauptmann. Mistari ya mti ililingana, na matundu ya misumari vilevile.

Lakini kulikuwa pia na mambo ya kutilia shaka. Condon, aliyesita kumtambua polisi walipompanga na watu wengine, alipofika kizimbani alikuwa na uhakika kamili. Lindbergh naye aliapa kuitambua sauti aliyoisikia kwa mbali, maneno machache tu, zaidi ya miaka miwili nyuma. Nani angebisha na shujaa wa taifa?

Februari 13, jopo la raia 12 likamkuta na hatia. Adhabu: kifo.

Mlango uliobaki wazi

Gavana wa New Jersey, Harold Hoffman, hakuridhika. Alikwenda gerezani usiku kuzungumza na mfungwa, akamuongezea siku 30 za kuishi. Hoffman aliamini kazi hii haikufanywa na mtu mmoja, na alitaka kuwajua wengine.

Hauptmann alielewa kwamba akikiri na kutaja wenzake, kifo kingeweza kugeuzwa kifungo cha maisha. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kiume. Alikataa. Msimamo wake ukabaki uleule: hajui lolote, fedha ni za Fisch.

Aprili 3, 1936, aliuawa kwa kiti cha umeme huko Trenton. Alikuwa na miaka 36.

Mjane wake Anna hakuolewa tena. Miaka ya 1980 alilishtaki jimbo la New Jersey akitaka jina la mumewe lisafishwe. Akashindwa. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 95, bado anasimamia neno lake.

Waigizaji wawili, Hauptmann wawili

Filamu ya 1976 iliifuata kesi karibu kama mahakama ilivyoiona. Cliff DeYoung alikuwa Lindbergh, na mkongwe Joseph Cotten akacheza Condon. Hopkins hakumuigiza Hauptmann kama shetani. Ukimtazama unaona mtu mwenye kiburi, mwenye hofu, anayeficha kitu. Kitu gani, hasemi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, HBO walirusha Crime of the Century. Humo Stephen Rea alikuwa Hauptmann na Isabella Rossellini akawa Anna. Filamu hii iliegemea upande wa pili: mtu masikini, mgeni, aliyebebeshwa mzigo kwa sababu taifa lilitaka mtu wa kulipa.

Ukizitazama zote mbili utagundua jambo. Ngazi ni ileile, noti zilezile, gereji ileile. Kinachobadilika ni uso wa mtu aliyekaa kizimbani. Ule ubao wa darini ni mgumu kuupinga, na wengi waliochunguza kesi hii bado wanaona Hauptmann alihusika. Je, alikuwa peke yake? Na je, kesi ile ilikuwa ya haki? Hapo ndipo ubishi haujaisha.

Mtoto wa miezi 20 alikufa. Mtu mmoja akauawa kwa ajili yake. Kama kulikuwa na mwingine, siri yake ilikwenda na seremala aliyekataa kufungua mdomo.