Sayyid Barghash, sultani aliyeujengea mji saa

Msikilizaji wetu, uwe Makunduchi, Donge au Nungwi, leo tunakusimulia maisha ya Sayyid Barghash bin Said, aliyeujengea mji wa Unguja saa ya watu wote.

Alizaliwa mwaka 1837, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki mwaka 1856, kiti cha Zanzibar alikipata ndugu yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kukitwaa, Waingereza wakamsaidia Majid, naye akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi, akangoja, na Majid alipofariki mwaka 1870 akawa sultani.

Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alileta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Mbele ya majumba yake palisimama mnara wa kuongozea vyombo baharini, wenye saa kubwa. Saa ya mfukoni ilikuwa ya wenye uwezo. Ya mnara aliiona hata hamali wa bandarini, bila kulipa kitu.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka 1896 mwanawe, Khalid, alijitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakamtaka atoke kasrini ifikapo saa 3 asubuhi, tarehe 27 Agosti. Hakutoka. Mizinga ilipigwa kwa muda usiofika dakika 45. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na mnara wa baba yake ukaharibika. Mwaka 1897 Beit al-Ajaib ikaongezewa mnara wake wa saa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka, wakafa watu wawili.

Leo saa iko kiganjani mwako. Ndani ya simu mna kijiwe kidogo kinachotetemeka kwa umeme, ambacho huenda kikakimbia au kuchelewa kidogo. Mtandao ndio unaokirekebisha, nao hufuata saa za atomu, zilizomo pia kwenye setilaiti. Tangu mwaka 2011 zinauzwa saa za atomu zinazokaribia ukubwa wa kiberiti, lakini bei yake bado haijaziruhusu kuingia kwenye simu zetu.

Kwa hiyo, ikiwa simu yako imekaa siku nyingi bila mtandao na kesho una safari ya boti, iache ipate mtandao kwanza, kisha ndipo uiamini saa yake.